Mama Yuko Sura ya Kumi na Mbili

Dobi alikuwa na shuka arobaini za nyumba ya wageni za kupiga pasi kabla ya saa kumi, na kama kawaida yake alichomeka hedifoni sikio la kushoto tu. La kulia aliliacha kwa ajili ya wateja, maana mteja akiita mara mbili bila kuitikiwa hubeba furushi lake akalipeleka kwa dobi mwingine. Kushoto kwake palikuwa na kiti alichokuwa ameketi mama yake. Mama hakuwa na furushi.

Kitabu alichokuwa akisikiliza kilikuwa kitamu kuliko usingizi wa alfajiri. Nahodha mmoja wa kike alivuka kutoka dunia hadi dunia, zote zimepangana kama shuka kabatini, kila moja na anga la rangi yake. Joka la dunia ya tatu lilikwisha kumgharimu dobi kola mbili za watu zilizoungua. Hakujuta.

Sura ya kumi na mbili, nahodha alifika kwa farasi kwenye lango la mawe. Hapo alikuwa ameketi bibi kizee. Msomaji akasema kwamba bibi aliomba maji, na sauti iliyoomba ikawa ya mama.

"Naomba maji, mwanangu. Naomba tangu asubuhi."

Dobi aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, mto bado umebonyea. Akageuza shuka, akapiga upande wa pili. Sikioni, nahodha alishuka farasi, akampa bibi maji, akaketi kando yake na kumuuliza habari za mguu wake uliokuwa ukimuuma. Bibi alizieleza kwa dakika kumi na moja. Zilikuwa habari tamu, zenye vichekesho. Dobi alicheka hadi akaweka pasi pembeni. Ndipo alipokumbuka kwamba mama alikuwa akijaribu kuzianza mwezi mzima, naye akimwitikia "eeh" kwa kutazama midomo.

Saa kumi dada yake alikuja.

"Mama yuko wapi?"

"Sura ya kumi na tisa."

"Amekula?"

"Kala. Wamemweka meza moja na malkia."

"Na mguu?"

"Hauumi tena. Walimuuliza unauma wapi."

Dada alivuta kigoda, akachukua upande wa pili wa hedifoni. Baada ya muda akaanza kucheka.

"Kumbe mama anachekesha hivi? Tangu lini?"

"Tangu zamani," dobi alisema, akaitazama pasi.

Sura ya mwisho, nahodha alimrudisha bibi langoni.

"Bibi, unavuka?"

"Nitavuka nikiitwa. Upande ule nina kijana wangu, mchapakazi kweli. Aniite kwa sauti tu, nitasikia."

"Si umwite!" dada alisema.

Dobi alifungua mdomo. Lakini joka lilikuwa limetua nyuma ya nahodha, tena lile lile la dunia ya tatu, na mtu akipiga kelele hapo hatajua limesema nini.

"Ngoja kidogo," alisema. "Tusikie kwanza hili joka."

Joka likasema. Kitabu kikaisha.

Dada alizungusha waya kidoleni, akauzungusha tena.

"Usijilaumu peke yako, kaka," alisema. "Na mimi nilitaka kulisikia."

Kesho yake dobi alianza upya sura ya kwanza, ameapa kwamba safari hii ataita. Sasa ni mara ya tano. Kila akifika mwisho, mama anakuwa langoni na kisa kipya, na kumkatiza mzazi katikati ya kisa si adabu.

Wateja wanajua. Mwenye nyumba ya wageni alipokuja kuchukua shuka aliinama kuelekea sikio la kulia, akasema, "Watoto kama wewe wameadimika, dobi. Mchana kutwa unamsikiliza mama yako!"

Uso wa dobi uliwaka. Alisema ni mvuke wa pasi.

Kiti bado kipo, mto haujanyanyuka. Jagi la maji liko rafuni, hatua mbili kutoka mezani, limejaa. Sura ya kumi na mbili inaanza. Mama anaomba maji, anasema anaomba tangu asubuhi, na dobi, mkono mmoja juu ya pasi, anasubiri nahodha ashuke farasi.