Betri Zimejaa, Mama

Mzee Okeyo alipoanza kuvimba miguu, alikunywa dawa zake zote bila ubishi. Lakini kitu alichokiomba kwa Mungu kila asubuhi kilikuwa kimoja tu: aweze kumtoa mwanawe nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, kabla miguu hiyo haijamkataa.

Kwao, Wajaluo wa ufukweni mwa ziwa huko Rorya, mwana wa kwanza haendi kuanzisha mji wake peke yake. Baba humtangulia alfajiri mpaka kwenye kiwanja kipya, jogoo mkononi, akamwonyesha mahali pa kusimamisha nguzo. Nyumba hujengwa na kuezekwa siku hiyo hiyo, na usiku wake mwenye mji hulala humo na mkewe. Jua likizama nyumba haijapata paa, siku imevunjika. Wazee hutafuta nyingine, na hawaitafuti kesho yake. Mavuno kwanza yapite.

Mwana wa kwanza wa Okeyo aliitwa Owuor. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti jijini Mwanza, na alipanga vyumba viwili Buzuruga. Kwa kuwa mchwa wa Rorya hawaachi mti, alikata kenchi na papi za chuma za kubebea paa, akazitoboa tayari kwa nati, zikaunganishwe kule kule. Kuta na paa zingekuwa za mabati, mpaka Mungu atakapojalia matofali. Kilichobaki kilikuwa kufunga mabati kwenye chuma kwa skrubu, na kiwanjani hakukuwa na umeme. Kwa hiyo siku nzima, na ombi la mzee ndani yake, vilitegemea drili ya betri.

Wiki moja kabla, Agutu, mke wa Okeyo, alikwenda Buzuruga kuwasaidia kufunga mizigo. Jioni moja binti yake Rose akaja kumwamkia pamoja na mumewe. Huyo mume, Mashimba, alikuwa Msukuma wa Usagara, pale nje ya Mwanza, fundi wa kupaua, mtu wa maneno machache. Begani alikuwa na mfuko wa turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Owuor alikuwa amenunua drili mpya, na alikuwa akingoja watu wa kuwaonyesha. Aliitoa kwenye sanduku lake kwa mikono miwili, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, inang'aa, na kila moja ya betri zake mbili iliandikwa namba kubwa kuliko mahitaji. Mashimba naye akafungua mfuko wake. Drili yake ilikuwa imepauka, na mpini wake umezungushiwa utepe mweusi.

"Shemeji," Owuor akasema, "hiyo ni drili au majeruhi?"

"Majeruhi huyu ndiye anayemlisha dada yako."

"Ndiyo maana amekonda."

Wakacheka wote, na Rose akacheka kuliko wote, maana hakuwa amekonda hata kidogo.

Jirani mmoja akaleta kipande cha bomba la mraba, wakakilaza juu ya matofali mawili. Owuor akabonyeza, skrubu ikazama kabla mtu hajameza mate. Zamu ya Mashimba, drili ikaguna, ikazunguka juu juu kama mzee anayepapasa miwani, kisha ikaingia polepole. Wakarudia. Ikawa vile vile. Watoto wa kwenye nyumba ya kupanga wakaanza kushangilia ile ya chungwa kama timu ya mpira.

"Mchagua jembe si mkulima," jirani akasema, "lakini hapa hata asiyelima angechagua."

Mashimba aliomba kuijaribu ile mpya. Akaifungia skrubu moja, akaigeuza mkononi akiitazama, wala hakuwa na kinyongo usoni.

"Ina nguvu," akasema. "Kwa kweli ina nguvu. Yangu mimi naijua tu. Nikipanda nayo asubuhi nashuka nayo jioni. Hii yako, shemeji, sijaijua tabia."

"Drili nayo ina tabia?"

"Kama mkwe tu. Siku ya kwanza wote wazuri."

Hapo walicheka mpaka jirani akaketi chini. Agutu naye alicheka, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alipoyafungua vizuri alimwona Mashimba amechuchumaa, anaokota vipande vya chuma vilivyoruka kwenye kutoboa, kimoja kimoja, anaviweka kiganjani. Watoto wa pale walikuwa pekupeku. Hakuna mwingine aliyekuwa amelikumbuka hilo.

Moyo wa Agutu ukauma kidogo. Aliona kijana huyu amechekwa vya kutosha, na kule Rorya, mbele ya ukoo mzima, angechekwa tena. Basi alipowasindikiza barabarani alimvuta Mashimba kando.

"Baba, kule ni mbali, na wewe una kazi zako. Vijana wapo, drili ipo. Usijisumbue kuja. Tena mkwe kupanda juu ya paa, mama mkwe yuko chini, kuna wazee watakunja uso."

Hilo la wazee alilitunga palepale ili yale mengine yapate uzito. Hakuna mzee ambaye angekunja uso.

Mashimba alihamisha mfuko wake kutoka bega moja kwenda lingine.

"Sawa, mama," akasema. "Mkinihitaji, nipo."

Agutu akarudi ndani amepumua. Alijua amemtua mtoto wa watu mzigo. Kwamba huenda mtoto wa watu alikuwa anaupenda mzigo ule, hilo halikumpitia.

Siku yenyewe, Mzee Okeyo alikataa pikipiki. "Siku ya kumtoa mwanangu siendi kama gunia," alisema, akashika fimbo kwa mkono mmoja na jogoo kwa mwingine. Ilikuwa safari fupi, lakini yeye aliifanya ndefu kwa kupumzika. Nyuma yake alifuata Owuor, kisha mke wa Owuor na moto wake katika chungu. Alipofika alichomeka fimbo ardhini na kusema, "Hapa." Wakamwekea kigoda chini ya turubai, akaketi akitabasamu na kila mtu aliyepita.

Asubuhi ilikwenda kama harusi. Kenchi zikasimama, papi zikalala mahali pake, kuta zikapanda. Ile drili ya chungwa iliimba, na Owuor alifanya kazi akipiga mluzi. Saa nne betri ya kwanza ikaisha. Akaweka ya pili, na kijana wa bodaboda akaipeleka ile ya kwanza senta, penye maduka na umeme, kuchaji. Ya pili haikumaliza hata upande mmoja wa paa. Ya kwanza iliporudi, ikafunga mabati mawili, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Owuor akaegemea kwa uzito wake wote. Moshi mwembamba ukatoka pembeni, na harufu ya plastiki iliyoungua ikawashukia waliokuwa chini.

Mluzi ukaisha. Walijaribu misumari, chuma kikaikataa na kuipinda. Jenereta ya kanisani ilikuwa Tarime kwa fundi. Drili nyingine kama ile haikuwapo karibu.

"Mpigie Mashimba," Agutu akasema.

"Mama, Mashimba yuko Mwanza. Atafika saa ngapi?"

"Mpigie."

Owuor akapiga, akaweka sauti kubwa. Hakufika nusu ya maelezo.

"Natoka sasa hivi," Mashimba akasema, na simu ikakatika.

Mchana ukawa mrefu, kisha ghafla ukawa mfupi. Wakafunga mabati yaliyobaki kwa waya, lakini upepo wa ziwani ulipoamka ukaanza kuyainua. Moja liling'oka, likapita hewani karibu na shingo ya binamu yake Owuor, likaenda kuanguka kwenye mtama.

Mzee Okeyo akainua fimbo.

"Shukeni," akasema. "Nimekuja kumwacha mwana hapa. Sikuja kuzika."

Wakashuka. Jua lilipogusa maji, upande mmoja wa nyumba ulikuwa bado unatazama mbingu. Mtu mmoja akauliza wafanye nini na jogoo.

"Msimchinje," mzee akajibu. "Bado ana safari."

Safari hii hakukataa pikipiki. Walimpakia katikati, kijana mmoja akimshika kwa nyuma, akaondoka ameinamisha kichwa. Pikipiki ilikwenda mwendo wa pole, Agutu na wengine wakiifuata kwa miguu.

Kiza kilikuwa kimeanza kushika walipomwona Mashimba akija mbio kwenye njia ya uani, mfuko begani, shati limelowa. Mzee Okeyo alikuwa bado anashushwa.

"Nimechelewa, baba," Mashimba akasema, akihema.

Mzee alimshika mkono, akakaa nao muda mrefu. "Wewe hujachelewa, mkwe wangu," akasema. "Wewe, hapana."

Agutu alisikia. Alikwenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mashimba alikula, akashukuru, akaenda kulala senta, kama ilivyompasa mkwe. Hakuuliza ile drili mpya ilipatwa na nini. Owuor alipotaka kumweleza, alisema tu, "Shemeji, hata yangu iliwahi kunifanyia hivyo zamani," ingawa Agutu alijua kwamba haikuwahi.

Rose ndiye aliyesema lililobaki, siku chache baadaye kwenye simu, tena bila kujua anasema nini.

"Yaani mama, mume wangu wa ajabu. Siku mbili kabla alishachaji betri zake zote. Siku yenyewe hakwenda kazini. Kaketi mlangoni, mfuko miguuni, simu mkononi. Nikamwambia nenda kazini, baba, hawakuiti. Akasema ngoja, labda wataita asubuhi hii."

Agutu alikaa na simu sikioni hata baada ya Rose kuaga. Asubuhi. Kama wangemwita alfajiri tu, jogoo alipotoka bandani, angekuwa juu ya paa saa nane mchana.

Mara nyingi alitaka kumweleza mumewe. Jioni moja alikuwa anamkanda miguu kwa maji ya moto. Mzee alikuwa amelala macho, anazungumzia mavuno, na jinsi mara hii angeondoka mapema zaidi, kabla ya umande. Agutu akasema, "Ndiyo, tutaondoka mapema." Mahindi hayajakauka bado, Okeyo akafa.

Matanga yalipokwisha na mavuno kupita, wazee walitaja siku nyingine. Mdogo wake Okeyo ndiye ambaye angemtangulia Owuor. Agutu aliposikia, alichukua simu yake mwenyewe, akampigia Mashimba. Alikuwa amepanga maneno mengi, na yote yakamtoroka.

"Baba," akasema, "siku ile pale barabarani nilikuambia usijisumbue. Nilikosea. Na lile la wazee niliongeza mwenyewe."

Upande wa pili Mashimba alisikika akishuka ngazi.

"Safari hii," Agutu akaendelea, "nakuomba ujisumbue."

"Betri zimejaa, mama," Mashimba akasema.

Desturi ilimzuia Agutu, mjane mpya, kwenda kiwanjani. Alfajiri alimkabidhi shemeji yake jogoo. Jogoo huyo alikuwa amenenepa na kuwa mzito, na kwenye mguu mmoja alikuwa na uzi mwekundu ambao Okeyo alimfunga ili asije akachinjiwa wageni kwa bahati mbaya. Kisha akatoa kigoda cha mumewe nje, akaketi kando yake, chini, juu ya mkeka.

Kutoka pale kiwanja hakionekani, lakini kinasikika. Alisikia watu wakiitana, alisikia mabati yakishushwa. Kisha akaisikia ile drili. Ilianza kwa kuguna, ikapapasa, ikaingia. Ikanyamaza. Ikaguna tena. Haikuharakisha asubuhi, na mchana, jua lilipokuwa kali, haikuharakisha wala haikuchoka. Kila iliponyamaza Agutu aliacha kuchambua mboga, akangoja, mpaka iliposema tena.

Jua lilikuwa bado liko juu ya maji, bado kuna nafasi ya kutosha, iliponyamaza na haikurudi. Baada ya hapo vikaja vigelegele.

"Wamemaliza," Agutu akasema, akageukia kigoda.

Akakitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, polepole, pande zote.