Siti Isiyonienea

Wanaosema nina wivu hawanijui. Nina macho, basi. Mwanamke akiwa na macho, na mume wake akawa na pikipiki, majirani wanamwita mwenye wivu. Sawa, waite. Lakini nisikilizeni kwanza habari ya ile siti, halafu mniambie ninyi mngefanya nini.

Jina langu Joha, nauza matikiti soko la Kilosa. Mume wangu Nassir ni bodaboda, kijiwe chake kiko pale stesheni. Jumanne na Ijumaa huwaacha abiria wa mjini akaenda Mikumi, kwa maelezo yake kupeleka vipuri kwenye gereji za malori. Ni kilomita zaidi ya sabini, hapo hujarudi. Miaka sita ya ndoa nimekaa nyuma ya pikipiki hiyo, tumekwenda harusini na misibani, na miaka yote sita siti ilikuwa ubao uliovikwa ngozi. Tukienda kwa mama yangu, kijiji cha Ulaya, katikati ya njia ya Mikumi, nilikuwa nashuka natembea kama bata. Nilimwambia, Baba Yusrah, weka sponji. Akanijibu, "Makalio yatazoea." Hayajazoea mpaka leo.

Basi Jumanne moja mwezi wa saba akarudi na siti mpya.

Nilikuwa uani napepeta mchele. Nikaweka ungo chini. Mbele, pale anapokaa yeye, ilikuwa ileile ya zamani, imechanika pembeni. Nyuma, mashallah. Sponji nene, ngozi rangi ya damu ya mzee, mshono mzuri. Upande wa kushoto imetanuliwa, na chini yake kuna kibao cha kuwekea miguu yote miwili. Na katikati, baina ya dereva na abiria, umesimamishwa mto mnene, unafika tumboni, umeshikiliwa na ubao na nati nne.

"Ya nani hii?" nikamuuliza.

"Ya abiria."

"Abiria gani?"

"Abiria ni abiria, Mama Yusrah." Akachukua ndoo akaenda kuoga.

Nikapanda. Mimi hupanda kiume, mguu huku na mguu kule, ndiyo usalama. Ule upande uliotanuliwa ukanichoma pajani. Nikajaribu kukaa upande kama mabibi, hapo ndipo moyo uliponilipuka. Siti ilikuwa na bonde. Nyonga yangu ya kushoto ikazama, ya kulia ikabaki juu, nikakaa nimepinda. Ilikuwa kama kuvaa kiatu cha mtu. Siti haikununuliwa dukani hii. Mtu alipimwa, na mtu huyo si mimi.

Kesho yake sokoni nikamweleza Bibiana, anauza ndizi meza ya pili kutoka yangu. Bibiana hajawahi kuuona moto akaupitia mbali.

"Shoga," akasema, "mwanaume haviwekei vipuri sponji."

"Anasema ni ya abiria."

"Ndiyo, abiria. Sikatai. Na huo mto wa katikati ni wa nini?"

"Sijui."

"Wa kulalia. Mwenzio akisinzia njiani anaukumbatia, analaza kichwa. Safari ndefu, Joha. Mtu anabembelezwa."

Mimi hilo la kulala sikuwa nimelifikiria. Tangu dakika ile nililifikiria mpaka tikiti likaniozea mezani. Nilikuwa nikimwona, mwembamba, wa Mikumi, wa nyumba za wageni za barabara kuu, kucha ndefu, amekaa upande kama malkia, kalaza shavu kwenye mto alioushonesha mume wangu. Usiku namwona, nikifua namwona. Chakula kilikuwa hakipiti.

Chini ya siti fundi alikuwa ameandika kwa rangi: Stefano Siti, Mikumi, na namba ya simu. Nikapiga. Nikajiita Costancia, nikasema nataka siti ya safari ndefu.

Huyo Stefano anaipenda kazi yake, ukimgusa tu anamwagika. "Dada, sponji laini peke yake ni uongo," akaniambia. "Ukiikalia dukani unasikia raha, ukifika kilomita ya ishirini umekaa juu ya chuma. Mimi naweka ngumu chini, laini juu, halafu nachimba pale mfupa unapouma. Lakini lazima mwenye kukaa aje mwenyewe, apande, nimchore na chaki."

"Niliiona ya Nassir wa Kilosa. Hiyo ulimchora nani?"

"Abiria wake. Nilimpandisha na kumshusha mara tano. Nassir naye kanisimamia kichwani, kila saa, muulize panauma wapi, Stefano, muulize panauma wapi."

Nikakata simu. Nimezaa na mtu huyu. Nimemuuguza malaria mara tatu. Miaka sita nimeshuka kwenye pikipiki yake nimeshika kiuno, na hajawahi kuniuliza panauma wapi. Nililia palepale nyuma ya matikiti, na sikujali nani ananiona.

Jioni nikamuuliza waziwazi. "Nassir, unambeba nani Mikumi?"

Akaangalia chini. Nassir hajui kudanganya ukimuuliza uso kwa uso, ndiyo maana huwa hasemi. "Siku ya kuambiwa utaambiwa," akasema.

Siku ya kuambiwa. Kana kwamba mimi ni mtoto nasubiri nguo ya Idi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, alipokwenda msikitini kuswali magharibi, nikachukua kisu changu cha matikiti. Ule mto nikaupasua juu mpaka chini. Nikang'oa ngozi, nikang'oa sponji yote, nikaitupa bandani kwa kuku. Ukabaki ubao na zile nati nne, vichwa vimetokeza. Nikaugongagonga kwa mchi ule ubao wa kusimama mpaka ukalala. Nasema kweli, nilisikia raha. Nilikula ugali siku ile kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano ya Bibiana.

Nassir aliporudi alimulika na simu. Alimulika kwa muda mrefu.

"Sponji iko wapi?"

"Kwa kuku."

Nilitaka agombe. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga. Yeye akakaa kizingitini, akashika kichwa. Halafu akasema polepole, "Kesho unakwenda na mimi. Ukamwambie mwenyewe ulichokifanya."

"Nitamwambia hilo na mengine," nikajibu.

Asubuhi nilivaa gauni la Idi. Nikapaka poda, nikapaka wanja, nikavaa hereni za harusi. Nikienda kuachwa, basi niachwe nimependeza. Maana hilo ndilo nililolijua, kwamba jioni ya siku ile ama nina mume au sina. Yusrah nikampeleka kwa jirani, nikapanda nyuma, tukaondoka.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya huyo wa Mikumi. Nilianza na salamu ya kejeli, nikaendelea na ukoo wake, nikamaliza na kucha zake. Tulipofika Ulaya, Nassir akapunguza mwendo, akaiacha barabara, akaingia njia ya mashambani.

"Huku unafuata nini?"

"Namfuata abiria."

"Anakaa huku?"

Akabadilisha gia. Damu ikanipanda. Huku ni kwetu. Kumbe si wa Mikumi, ni wa kijijini kwetu, chini ya pua ya mama yangu. Nikaanza kuwahesabu wasichana wote niliosoma nao. Tukapita shamba la mpunga, tukavuka korongo, gari halipiti pale hata kiangazi, tukaingia uani kwa mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje. Amevaa kanga mpya. Ameshika fimbo, na daftari la kliniki liko mapajani.

Nilikuwa sijakanyaga pale tangu kabla ya masika. Tulikuwa tukiongea kwa simu, ananiambia mzima, nami naamini, narudi kwenye matikiti yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia siti. "Baba Yusrah, mto uko wapi?"

Nassir alikuwa amesimama mbali, karibu na migomba, uso chini, kama mkwe anavyotakiwa kusimama. "Umeharibika, mama," akasema.

Hakunitaja. Hilo liliniuma kuliko kama angenitaja.

Mama ndiye aliyenieleza, na alinieleza kama mtu anayesimulia habari za jirani. Aliteleza shambani wakati wa masika, nyonga ya kushoto ikapata ufa. Mazoezi anafanyiwa Mikumi, Jumanne na Ijumaa. Bodaboda wa kwanza alimwangusha kwenye korongo lile tulilovuka. Nassir akapita siku moja kumletea sukari, akamkuta hawezi kusimama, akasema atambeba yeye.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai mkeka mmoja. Hawashikani mikono. Akipita njiani, mkwe anampisha mpaka majanini. Leo mama ampande mkwe wake mgongoni, wagusane kilomita zote zile, tumbo kwa mgongo kila shimo? Mama alisema bora alemae. Ndipo Nassir akaenda kwa fundi, wakabuni ule mto wa kusimama katikati. Huku mkwe, kule mama, katikati ukuta. Siku hiyo moja mama akavumilia mkokoteni na basi mpaka kwa fundi, akaukagua, akapanda akashuka mara tano, akakubali.

"Sasa kwa nini mimi sikuambiwa?" nikauliza. "Mimi si mwanao?"

"Nilimwapisha mumeo. Ukijua wewe, soko la Kilosa limejua. Mama Joha siku hizi anapakatwa na mkwe wake. Sura yangu ningeiweka wapi?"

Nilitaka kukataa. Nikamkumbuka Bibiana na ndizi zake.

"Mto nimeukata mimi, mama."

"Umeukata kwa nini?"

Nikashika hereni. Mama ndipo akaniangalia. Akaangalia poda, akaangalia wanja, akaangalia hereni za harusi saa moja asubuhi shambani. Akaelewa yote. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Basi leo siendi," akasema, akaweka fimbo chini.

Daktari wa mifupa hufika Mikumi Ijumaa moja tu katika mwezi, na ilikuwa hii. Leo ndiyo angemwambia kama nyonga inafunga au inataka kupasuliwa. Nassir akasema kwa mbali tufunge gunia la pumba katikati. Mama akasema gunia litalala, watagusana. Nassir akasema aazime mto wa kitandani. Mama akasema mto wa kitandani ni wa kitandani, asimtukane. Jua lilikuwa linapanda. Nikamwona mama anabana mdomo, nikajua akishabana hivyo hata askari hawamwinui.

"Nitakaa katikati mimi," nikasema.

Wote wawili wakaniangalia.

Mshikaki, watu watatu pikipiki moja, ni kosa, najua, msinifundishe. Tulipanda. Nassir mbele. Mama nyuma, upande, miguu miwili kwenye kibao chake, nyonga mbovu ikaingia kwenye lile bonde, ikatulia kama yai kwenye kiota. Mimi katikati, na gauni langu la Idi, juu ya ubao na nati nne nilizozifunua kwa mkono wangu mwenyewe.

Sitaeleza zile nati zilinifanya nini. Kila mtu aliyepanda pikipiki safari ndefu anajua, na asiyejua asubiri zamu yake.

Nitaeleza kingine. Nassir alikuwa anaendesha kama amebeba trei ya mayai. Kila shimo alilikwepa. Kwenye tuta alikuwa karibu anasimama, analivuka polepole, gurudumu la mbele, halafu la nyuma. Miaka sita amenibeba mimi, na hakuna shimo la wilaya hii ambalo hatukuingia. Nilikuwa nimekaa pale na aibu yangu yote, nimemkosea mume, nimemkosea mama, na bado nikaona wivu. Wivu wa mama yangu mzazi. Sijui nimeumbwaje.

Nikamsogelea Nassir sikioni. "Kumbe mashimo unayaona," nikamwambia. "Mimi hujawahi kunikwepea hata moja. Mimi hujawahi kuniuliza panauma wapi. Na leo nimekaa juu ya nati hata pole..."

"Joha," mama akaita nyuma yangu.

"Abee mama."

"Ule mto niliupenda sana."

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa hausemi."

Nikasikia mgongo wa Nassir unatikisika mbele yangu. Nikadhani ni barabara, lakini pale palikuwa sawa. Alikuwa anacheka. Alipomaliza kucheka akanyoosha mkono nyuma, akaushika mkono wangu, akauzungusha kiunoni mwake, akauacha hapo.

Nati ya kushoto ikanichoma. Nikanyamaza mpaka Mikumi.