Barafu Haitaki Hasira

Bi Kheiria alikuwa anaparua nguru kwenye sinki la jikoni kwake, Sidab, aliposikia vidole vya miguu vinamganda. Akatazama chini. Barafu ilikuwa imetoka miguuni mwa mwanawe Nasr, aliyesimama jikoni akisubiri chai ichemke, ikapita chini ya meza na kufika kwenye ndoo ya magamba. Ilikuwa barafu safi, ngumu, yenye ubuluu kidogo, na nje ilikuwa Julai, mwezi wa joto kali kuliko yote katika pwani ile ya Waarabu.

"Nasr, hebu sogea kule kwenye friji," alisema. "Limekufa tangu jana na hawa samaki wataniharibikia."

Nasr akasogea. Samaki hawakuharibika.

Alikuwa amerudi wiki ile ile, baada ya miaka kumi na tatu ya kudaka katika ligi ya hoki ya barafu huko Latvia, kwenye mji ambao jua lake lilikuwa kama jamaa wa mbali: lilionekana harusini, likala, likaondoka. Mkataba ulikuwa umekwisha na magoti yamechoka. Magoti ya kipa wa hoki huchoka mapema kwa sababu ya mtindo unaoitwa kipepeo. Kile kisahani cheusi cha mpira, kigumu kama kwato, kikipigwa, kipa huanguka magotini, akabana mapaja na kutandaza miguu kulia na kushoto ili chini pasipite kitu. Kipepeo mwenyewe hufanya hivyo bila ya kuumia. Nasr alikuwa na kilo tisini.

Daktari Sabah wa zahanati ya jirani aliigonga ile barafu kwa kalamu.

"Miaka yote hiyo mwili ulikuwa kazini," alisema. "Huwezi kuuambia uache siku moja. Vaa soksi."

Haukupita muda watu wa Sidab wakajua tabia ya barafu yenyewe. Nasr akitulia, ilienea mpaka getini, na wanawake wakaja na samaki wao. Akikasirika iliyeyuka, ikalowesha mikeka. Bahati nzuri utulivu ndio ulikuwa ufundi wake. Kipa akifungwa hunywa funda moja la maji, akakazia macho kitu kimoja cha mbali, taa au saa ya ukutani, na akalisahau goli kabla mchezo haujaanza tena. Kipa mwenye kumbukumbu nzuri bora atafute kazi benki.

Jambo moja tu lilimshinda kusahau: mama yake hajawahi kumwona akicheza. Dada yake, Khole, alikuwa akimwonyesha video kwenye simu, na Bi Kheiria kila mara alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu.

"Huyo anaweza kuwa mtu yeyote," alisema. "Nnaona godoro limesimama golini."

"Mama, ni mimi. Lile ni vazi la kipa."

"Na uso je? Bibi yako aliivua barakoa yake ya kike Unguja akaitupa. Wewe umekwenda kuivaa Ulaya."

"Nisipoivaa ntang'oka meno."

"Basi mimi ntajuaje kama ni wewe?"

Nasr alitaka mechi moja tu, mama yake akiwa amekaa pale pale uwanjani. Ndiyo maana alijiunga na klabu iliyokuwa na uwanja wa barafu ndani ya jengo la maduka, na ilikuwa inasubiri wageni kutoka Kuwait siku ya Alkhamisi. Mwenyekiti, Bwana Maan, alimpokea kwa kahawa na halwa. Alimwambia goli ni lake, na nyumba ni yake, na kama ana haja na gari, basi gari pia.

Wiki hiyo hiyo mtambo wa kugandisha barafu ukafa. Uwanja ukawa bwawa, na wahudumu wakaweka kibao cha kukataza watu wasiogelee. Nasr akavua viatu, akaingia kwenye maji mpaka katikati, akaweka kiti na kukaa. Akanywa funda moja. Akatazama taa ya mwisho upande wa pili. Ilipoadhiniwa Alasiri, barafu ilikuwa imeshika ukuta kwa ukuta. Wachezaji walisema mashaallah na kuanza kufunga kamba za viatu.

Siku ya mechi Bwana Maan alimshika Nasr mkono, wakatembea taratibu kama watu waliokunywa chai pamoja maisha yao yote.

"Ndugu yangu, kuna jambo dogo."

Jambo dogo lilikuwa na urefu wa futi sita na liliitwa Loai. Lilikuwa mtoto wa dada yake Bwana Maan, na lilikuwa limejifunza kudaka tangu Ramadhani.

"Mama yake amealika watu," alisema Bwana Maan.

"Na mimi nimemwalika mama yangu."

"Allah amhifadhi. Atakaa safu ya mbele kabisa." Bwana Maan akaminya ule mkono. "Tazama, Nasr. Ukiwa golini utashughulika, utashtuka, pengine utakasirika, na barafu itatuaibisha mbele ya wageni. Barafu inataka mtu asiyekuwa na kazi."

Hoja ilikuwa haina pa kushikwa. Wakamwekea kiti cha plastiki kwenye chumba cha mitambo, chini ya uwanja wenyewe, pembeni ya ule mtambo uliokufa.

Loai alikuja kumwomba kofia yake yenye kinga ya uso, pamoja na pedi za miguuni, kwa sababu zake mwenyewe hazikutoka vizuri kwenye picha. Nasr alimvalisha, na kwa kuwa hakujua kumvalisha mtu pedi bila ya kumfundisha, akamfundisha.

"Usimtazame mpigaji usoni, uso unadanganya. Tazama ncha ya fimbo yake. Akija peke yake, toka golini umfuate. Ukimsogelea, goli linakuwa dogo machoni pake. Mkono wa kushoto uweke mbele, usiubane na kiuno. Na usifumbe macho."

"Yote mawili?" aliuliza Loai.

Mechi ikaanza. Nasr hakuona kitu, lakini alisikia vyuma vya viatu vikikwaruza juu ya kichwa chake, na kwa mkwaruzo alijua nani anakuja na kutoka pembe gani. Alisikia mpigaji anavuta fimbo nyuma. Alisikia Loai haondoki golini. Kisha alisikia wavu.

Tone moja la maji likamwangukia begani, kisha la pili. Juu, Mkuwaiti mmoja alizama mpaka kwenye vifundo vya miguu na akaendelea kusubiri pasi. Bwana Maan akashuka ngazi mbio, bilauri ya maji mkononi.

"Tulia, mwanangu, tulia! Watu wanatutazama!"

Nasr akanywa funda moja. Akatazama mshale wa mtambo, uliolala kwenye sifuri. Akalisahau lile goli. Barafu ikarudi, Mkuwaiti akang'olewa, mchezo ukaendelea.

Baada ya mapumziko Khole naye akashuka kumtafuta, kakusanya abaya yake mkononi isilowe.

"Weye umo humu!" alisema. "Na mama huko juu anadhani yule golini ni wewe!"

"Anasemaje?"

"Anapiga vigelegele. Ameshamwambia jirani yetu Bi Balqis, 'Yule wangu.' Bi Balqis ameshawaambia safu nzima. Nimwambie?"

Maji yakaanza tena kudondoka darini. Nasr akayasikiliza.

"Amefurahi?"

"Amesimama juu ya kiti, Nasr."

Nasr akanyoosha mkono, akachukua bilauri.

"Mwache," alisema.

Jioni ile Bi Kheiria alipakua wali mwenyewe, nyama nyingi upande wa mwanawe.

"Nimekuona," alisema.

"Umenionaje, mama?"

"Umefungwa saba, na nani asiyefungwa? Lakini pale ulipotoka ukamfuata yule mrefu, ukakidaka kile kisahani kwa mkono wa kushoto! Nikasema yule Nasr, hana haja kuivua hiyo barakoa. Mkono ule naujua tangu ukidaka ndala nlizokuwa nikikurushia."

Khole akafungua mdomo. Nasr akamsogezea achari.

"Ila goli la nne," aliendelea Bi Kheiria, "ulikaa kitako ukalia. Mabega yote yanatikisika. Mbele za watu, mwanangu!"

Katika miaka kumi na tatu Nasr hakuwahi kulia kwenye barafu. Aliwahi kuvunjika kidole na kumaliza mechi.

"Liliniuma, mama," alisema.

"Najua. Lakini jikaze. Baba yako asingelia."

Alkhamisi iliyofuata kulikuwa na mechi nyingine, na wageni wengine. Fundi wa mtambo alikuwa amekuja na kurudishwa, kwa sababu Bwana Maan aliona mambo yanakwenda vizuri. Loai alikuwa golini, kofia ya Nasr kichwani. Bi Kheiria alikuja na wanawake wote wa mtaa, na wawili wa kijiji cha jirani cha Bustan ambao hakuna aliyewaalika.

Kwenye chumba cha mitambo, kile kiti cha plastiki kilikuwa kimewekewa mto. Nasr akakaa. Juu, akamsikia mpigaji anakuja peke yake kutoka kushoto, na akamsikia mama yake, sauti yake juu ya sauti zote:

"Toka umfuate, Nasr! Toka!"

Akainuka, akapiga hatua mbili mbele, mkono wa kushoto wazi. Kisha akasikia wavu.

Akarudi kitini, akanywa funda moja la maji. Wageni walikiri baadaye kwamba hata kwao hawajawahi kuona barafu kavu kama ile, isiyo na hata tone la maji.