Pakiti ya Arobaini na Moja

Kwanza niliisikia. Kitu kikavu kilichakarika ndani ya karatasi, mara mbili, kama punje za mchele zilizobaki kwenye bahasha. Ndipo nikageuka nikamwona Daktari Tumpe, ameishika pakiti karibu na sikio lake.

"Njoo usikie," akasema. "Hii ndiyo sauti ya kitu kisicho na jina."

Niliacha gundi na lebo zangu, nikamwendea. Alikuwa amesimama kati ya makabati ya chuma ya hifadhi ya mimea, hapa Saint Paul, na dirishani nyuma yake hapakuonekana kitu ila theluji. Sikuhitaji kusoma jina la mkusanyaji. Kona ya kulia ya pakiti ilikuwa imekunjwa mara mbili, kisha ikachomekwa ndani ya kona ya kushoto. Duniani namjua mtu mmoja tu anayekunja karatasi hivyo. Hukunja hivyo hata risiti ya duka.

"Ni ya Papa," nikasema.

"Ni ya Mzee Bagalwa. Namba arobaini na moja. Na kilichomo ndani, mdogo wangu, hakimo katika kitabu chochote."

Papa, baba yangu, alikuwa msaidizi wa watafiti katika mlima Kahuzi, kwetu Kivu. Kazi yake ilikuwa kuvumwani: yale magamba ya kijivu, ya kijani, ya rangi ya kutu, yanayoota juu ya mawe na magome, ambayo watu huyapita bila kuyatazama. Kuvu na mwani wamefunga ndoa, ndivyo alivyonifundisha. Mmoja anajenga nyumba, mwingine anapika. Papa alibandua, akakausha, akakunja, akaandika mahali na tarehe, na mtafiti mmoja wa Ulaya akazituma pakiti hizo pande nyingi. Sanduku moja liliishia Saint Paul. Anwani yake Papa aliikariri kama sala.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, afisa alipouliza kama tuna mtu yeyote Marekani, Papa alijibu bila kupepesa macho: tunaye, Saint Paul. Akataja anwani ya hifadhi, mtaa na namba ya jengo. Afisa akaandika "ndugu". Basi mwaka 2010 tukaletwa Minnesota kumfuata jamaa mkavu aliyelala sandukuni. Kanisani kwetu Brooklyn Center kisa hicho kimewachekesha watu mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikipenda kiasi kwamba nilikwenda kuomba kazi kwa huyo jamaa. Lakini Papa mwenyewe hakuwahi kukanyaga pale. Miaka karibu minne, mabasi mawili tu, na kila nilipomwalika alikuwa na nguo za kufua.

Daktari Tumpe ni Mtanzania wa Tukuyu. Alikuja kusoma, akabaki kufundisha. Alikuwa ameikalia pakiti ile wiki sita, na sasa alinionyesha chini ya hadubini: gamba dogo la kijivu cha majivu, kingo zake zimejikunja kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Alilidondoshea tone la dawa. Likawa njano. Kisha, polepole, likawa jekundu kama damu.

"Ndugu zake wote hubaki njano," alisema. "Huyu peke yake ndiye anayeona haya. Nimepima vijimbegu vyake, nimelinganisha na sampuli za Ulaya na Nairobi. Ni mpya. Jina la kwanza ni la ukoo, hatuna amri nalo. La pili ni letu. Nataka kumpa mzee."

Moyo ulinipanda. Papa yangu anapiga deki korido za shule, na walimu walioshindwa kutamka herufi saba za jina lake wanamwita Mista B. Sasa wangelitamka! Wangelitamka kwa Kilatini, profesa kwa profesa, na baada ya sisi sote kufa wangeendelea kulitamka.

"Lakini," akasema Daktari Tumpe.

"Hakuna lakini."

"Ipo. Soma mahali."

Nilisoma. Kwa penseli, herufi za Papa zilizonyooka: *Kahuzi, msitu wa mianzi, kijito cha pili, mita 2400. Novemba 1996.*

"Sasa tazama hapa." Akasogeza sindano. Chini ya lile gamba palikuwa na majani mawili madogo, membamba kama mishale ya saa. "Haya ni majani ya kichaka kinachoota juu kabisa, kwenye mawe na upepo, ambako mianzi haifiki. Na hiki kiumbe ni cha jua kali. Kwenye kivuli cha mianzi kingekufa. Hakikutoka pale palipoandikwa."

"Papa yangu si mwongo."

"Sijasema yeye. Nimesema karatasi."

"Karatasi haina mkono!"

"Birindwa, punguza moto, tuko ndani ya jengo la karatasi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Pakiti zake nyingine arobaini nimezikagua. Hakukosea hata mita kumi. Hii moja tu. Siwezi kukipa kitu jina na kukipa nyumba isiyo yake. Muulize. Makala inatakiwa Ijumaa. Bila mahali pa kweli, nairudisha kabatini."

Nilirudi Brooklyn Center nimefura. Papa alikuwa jikoni anasonga ugali. Wiki ile shule zote zilifungwa kwa sababu ya baridi, na mtu asiye na korido ya kupiga deki alikuwa amesafisha kila kitu nyumbani mpaka sufuria zimeng'aa kama vioo. Nilimweleza habari njema kwanza. Alitabasamu akitazama mwiko. Nilipotaja namba arobaini na moja, mwiko ulisimama.

"Wameifungua?" akauliza.

"Wameifungua, Papa. Mahali hapalingani. Kijito cha pili si kweli."

"Waandike vile nilivyoandika."

"Haiwezekani. Daktari anasema kilitoka juu."

"Huyo Mtanzania wako amewahi kupanda Kahuzi?"

"Papa, watakurudisha kabatini! Jina lako! Unataka waseme Bagalwa alikuwa anabahatisha?"

"Waseme."

Akaepua sufuria, akavaa koti na kutoka kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Gari hilo ni la jirani. Nilimtazama dirishani akikwangua gari la watu kwa bidii, mvuke ukimtoka puani, na hasira yangu ikaanza kuona aibu, ila haikuondoka.

Nilijua tu kwamba tarehe ile ilikuwa ya mwaka mbaya. Novemba 1996 vita vilikuwa vimetufikia, na mimi, mtoto wa miaka mitano, nilikuwa nimetangulizwa ziwani pamoja na shangazi Donatille. Papa alitufuata wiki tatu baadaye, peke yake. Mama yangu, Goretti, hakuja. Alizikwa njiani na watu wengine. Papa alisema hivyo mara moja, wala hakurudia. Picha hatuna. Mfuko wa picha ulizama ziwani. Kila mwezi wa kumi na moja tunapowaombea marehemu, watu kanisani hutaja jina na mahali: fulani, amelala Walungu, fulani, amelala Uvira. Mimi hutaja jina, kisha hunyamaza pale pa mahali. Nimekuwa mtu mzima nikinyamaza pale.

Kesho yake, kama saa tano asubuhi, kengele ya mlango wa hifadhi ililia. Papa alikuwa amesimama nje, amevaa suti ya kanisani chini ya makoti mawili, kope zake nyeupe kwa barafu.

"Shikamoo mzee," akasema Daktari Tumpe, akipiga goti kidogo.

"Marahaba. Nyinyi Watanzania na shikamoo zenu. Kwetu tungeshapeana mikono, tukakaa, tukala."

"Kula ni marufuku humu, mzee. Wadudu."

"Bon. Basi tukae tu."

Alikaa. Hakutazama makabati, wala hadubini, wala mimi. Daktari Tumpe aliiweka pakiti mbele yake. Papa alivua glavu, akaipandisha sikioni, akaitikisa mara moja. Ilichakarika. Akafumba macho.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Daktari Tumpe alinitazama, kisha akasema anakwenda kutafuta chai. Tulimsikia akitembea mpaka mwisho wa korido.

"Fungua," Papa akaniambia. "Yote. Usisome nje, soma ndani."

Nilizifungua kona, nikakihamishia kile kitu kikavu kwenye sahani ya kioo, nikaikunjua karatasi mpaka ikawa ukurasa. Nilikuwa nimeuona kwa nje nikadhani ni karatasi kuukuu tu, maana kule kwetu hakuna karatasi inayotupwa. Ulikuwa ukurasa wa daftari la shule. Imla ya Kifaransa, wino wa zambarau, mistari sita kuhusu mvua. Herufi zimelala upande wa kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Ni mwandiko wa mama yako," Papa akasema. "Alikuwa anatayarisha somo la Jumatatu."

Nilikuwa nimefanya kazi hatua ishirini kutoka kwenye mkono wa mama yangu, mwaka mzima, nikibandika lebo za watu wengine.

"Tulipanda mlimani," akaendelea, "watu sabini na zaidi, kwa sababu mimi nilijua njia. Chini walikuwa wanaua. Mama yako alikuwa na homa, na alikuwa na mimba. Siku ya nne akaaga, alfajiri. Pale juu udongo ni kiganja kimoja tu, huwezi kuchimba. Nilimlaza chini ya ukuta wa mwamba, nikamfunika kwa mawe. Jiwe la mwisho, la kichwani, lilikuwa na hicho." Akaonyesha sahani. "Nilikuwa sijawahi kukiona. Na mikono yangu, mwanangu, mikono ilifanya kazi yake. Ilikibandua. Ikatafuta karatasi. Karatasi ilikuwa hiyo."

"Na mahali?"

"Watu bado walikuwa wamejificha pale. Ningekamatwa njiani na karatasi inayosema mita elfu tatu na mia moja, ukuta wa mawe, upande wa mashariki? Wangepanda kuwatafuta. Nikaandika mianzi. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo karatasi moja niliyoidanganya." Akapangusa kope, barafu ilikuwa imeyeyuka. "Kambini yule mtafiti aliagiza pakiti zilizobaki. Kuibeba sikuweza, kuitupa sikuweza. Nikampa, akaniandikia kwamba imefika Saint Paul."

"Ndiyo maana ukawaambia una ndugu Saint Paul."

"Nilidanganya hapo?"

"Hukudanganya, Papa."

"Nilipofika nikaogopa. Kila asubuhi nilisema kesho."

Niliwaka. Sikujizuia. "Watu sabini walishuka zamani! Miaka kumi na saba, Papa! Umeniacha nataja jina bila mahali. Ungeniambia. Mimi ningekwisha kupanda!"

"Ndiyo sababu!" Alipiga meza, lile gamba likaruka kidogo kwenye sahani. "Ungepanda! Nakujua, umebeba kichwa changu cha ujana. Ungekusanya nauli, ungefika Bukavu, ungeingia msituni na kifua mbele, na humo ndani bado kuna watu wenye bunduki. Mlima umekwisha kuchukua wawili wangu. Uchukue na wa tatu?"

Bomba la joto liligonga ukutani. Nilitazama herufi za zambarau. Kwenye neno moja alikuwa amekata herufi na kuandika nyingine juu yake. Alikuwa amekosea, akasahihisha, na mkono huo ulikuwa hai.

Daktari Tumpe alirudi, akasimama nje ya mlango na vikombe vitatu, maana humo haviingii.

"Binti," Papa akamwita, "andika. Kahuzi, chini kidogo ya kilele, mita elfu tatu na mia moja, ukuta wa mawe unaotazama mashariki. Jina usiweke langu. Weka la Goretti."

"*Gorettiae*," akasema Daktari Tumpe polepole. "Kwa Kilatini itakuwa hivyo. Maana yake, cha Goretti." Akasita. "Mzee, nikichapisha mahali, kila mtu atapaona. Naweza kuandika mlima tu, bila mita."

"Andika yote. Likishakuwa na jina lake, liwe na mahali pake." Kisha akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ya kuniamsha kwenda shule. "Ila wewe kwanza useme. Asikie na huyu."

Nilijua anataka nini. Nilimtazama: miaka hamsini na tisa, magoti yanayomshinda hata kwenye ngazi ya basi. Huko mlimani bunduki hazijalala, na hakuna ajuaye zitalala lini. Niliona ukuta wa mawe, asubuhi, jua likiugusa kwanza kabla ya kitu kingine chochote Kivu. Niliona jiwe lenye kovu mahali alipobandua. Mwili wangu wote ulikuwa umekwisha kuanza kupanda.

Niliukunja ukurasa: kona ya kulia mara mbili, nikaichomeka ndani ya kona ya kushoto. Nikaiweka pakiti kiganjani mwake na kuufunga mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

"Sitapanda bila wewe, Papa," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.