Wasikilizaji Elfu Moja wa Werema

Ilikuwa imebaki nusu saa kabla ya saa saba mchana. Kwenye benchi la redio pale Nyarero, wilayani Tarime, mama mmoja wa Kisukuma aliketi na mkoba mapajani, akisubiri kumwita mwanawe hewani. Jina lake Luciana. Alikuwa ametoka Geita kwa mabasi mawili, na kesho alfajiri angerudi, maana mahindi yake yalikuwa yamekomaa na nyani hawakuwa na subira. Mwanawe, Maige, alikuwa ameifuata rashi, ule mkimbilio wa dhahabu, kwenye vilima vya Tarime. Miezi mitano sasa hakuwa amepiga simu.

"Shikamoo mama," Beryl alimsalimia bila kutoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Hicho chombo leo kitakubali?"

Beryl alibonyeza kitufe kingine. Yeye ndiye aliyekuwa fundi, yeye na stashahada yake, na swali hilo lilikuwa limemnyima raha kwa siku tisa.

Redio yao haikuwa na mnara. Oduol, mtangazaji, aliongea kwenye maikrofoni. Sauti yake iliingia kwenye kompyuta moja waliyoiita seva, na seva ikamgawia kila mtu aliyeifungua redio kwenye simu yake. Kila siku saa saba kamili, wachimbaji walipopanda juu kula, kulikuwa na kipindi cha wanaotafutana. Mama anamtafuta mwana, mke anamtafuta mume, ndugu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari anatafuta ndugu wa huku. Na kila siku, kwa siku tisa, seva ilikata roho kipindi kikiwa ndiyo kwanza kimeshika moto.

Werema, mwenye redio, aliamini ni joto la mchana. Alileta feni. Kisha akaihamishia seva kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitunguu, kwa sababu kilikuwa na ubaridi. Seva ikafa huko huko, ikinuka vitunguu.

Oduol yeye aliamini ni umaarufu. "Tumependwa kupita kiasi," alisema. Na namba zilimuunga mkono. Seva ilikuwa na milango elfu moja na ishirini na minne, mlango mmoja kwa kila msikilizaji, na kila ilipokufa iliacha ujumbe ule ule: milango imekwisha. Beryl alipoiongezea milango, ikaishiwa kumbukumbu na kufa mapema zaidi. Werema hakuhuzunika sana. Alichukua chaki akaandika mlangoni, kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani: WASIKILIZAJI ELFU MOJA NA ZAIDI.

"Basi tuizime na kuiwasha sasa hivi," Oduol alisema, akitazama saa. "Ianze saa saba ikiwa tupu."

"Jana ilipokufa tulifanya hivyo. Ulibaki na wasikilizaji wangapi?" Beryl aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Kwa sababu mtandao ukikatika simu zinasubiri, lakini seva ikizimwa zinajaribu kurudi mara tatu, kisha zinanyamaza mpaka mwenyewe abonyeze tena. Nani atabonyeza? Mtu mwenye sululu mkononi?"

Luciana alikuwa akisikiliza haya yote, akigeuza kichwa huku na huku. "Samahani wanangu," alisema. "Hao watu elfu moja, kwa siku wanawapigia simu wangapi?"

"Ishirini hivi, mama," Oduol alisema. "Na ni wale wale. Masanja wa kule kilimani peke yake anapiga mara tatu, kila mara anataka wimbo ule ule."

"Watu elfu moja," mama alisema polepole, "halafu wanaoongea ishirini. Kwetu hata msibani hawanyamazi hivyo."

Oduol alicheka. Beryl hakucheka. Alivuta kiti karibu na kufungua ukurasa ambao hakuwa ameufungua siku zote tisa, ule unaoonyesha kiasi cha sauti kinachotoka nje. Wasikilizaji elfu wangeikausha laini yao ya intaneti kabisa. Lakini sauti iliyokuwa ikitoka ilitosha watu mia na arobaini hivi, basi.

"Ayaye," alisema kwa sauti ndogo.

Akafungua orodha ya milango. Simu moja ilikuwa imeshika milango kumi na tisa. Nyingine ishirini na mitatu. Nyingi zilikuwa za kule kilimani. Akampigia Masanja.

"Masanja, leo umefungua redio mara ngapi?"

"Mara moja tu, dada. Asubuhi. Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Na ukishuka kwenye duara, kule shimoni?"

"Nikishuka na winchi redio inakata, mtandao haufiki kule chini. Nikipanda inajifungua yenyewe. Leo nimeshapanda na kushuka, sijui, mara ishirini? Wiki na zaidi sasa tunatoa maji."

Beryl alikata simu bila hata kuaga, akajishika kichwa.

Maana alikumbuka. Mwezi wa pili, wasikilizaji walilalamika kwamba mtandao ukiyumba kidogo tu, redio inawatupa nje. Akawaonea huruma. Aliingia kwenye maagizo ya seva na kuufuta mstari unaosema: asiyejibu kwa nusu dakika, mfungie mlango. Aliona ni roho nzuri, asifukuzwe mtu. Tangu siku hiyo, kila mchimbaji aliyeshuka shimoni aliacha mlango wazi nyuma yake, na seva ikabaki imeushikilia, ikimsubiri mtu ambaye tayari alikuwa amepanda na kuingia kwa mlango mwingine. Na tangu waanze kutoa maji, asubuhi nzima milango ilijaa vivuli. Saa saba watu wote walipopanda kwa pamoja, wakakuta nafasi hakuna.

"Ni mimi," alisema. "Si joto wala umaarufu. Ni mimi."

Aliurudisha ule mstari, akaiamuru seva isome maagizo upya bila kuzimika. Lakini mstari ule ungewahusu watakaoingia kuanzia sasa. Milango ya zamani ilibidi aifunge mwenyewe. Saa ilisema dakika tisa kabla ya saa saba. Walioandikwa kwenye kioo walikuwa mia tisa tisini na wanne.

Akaanza na kikundi cha kwanza, akifunga milango ambayo haikuwa imejibu kwa zaidi ya nusu dakika. Mia nane na sabini. Mia saba na tano.

Werema aliingia akifuta jasho, akaona namba ikiporomoka. "Wewe binti! Unafanya nini? Unafukuza watu wangu!"

"Si watu, mzee. Ni milango mitupu."

"Nani kakwambia mitupu? Nimewatangaza mpaka Machochwe! Oduol, mura, kijana wangu, mzuie huyu!"

Oduol alinyanyua mikono. "Mzee, mimi kazi yangu ni kuongea."

Mia tano na kumi. Beryl alibonyeza kikundi kingine. Kama amekosea, anawafungia wachimbaji wenyewe, na pengine kati yao yumo Maige, ameketi kando ya duara na kijiko mkononi, na redio inamnyamazia. Mama yake alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Beryl alikaza macho kwenye kiasi cha sauti. Kama angemfunga mtu hai hata mmoja, pale pangeshuka.

Mia mbili na themanini. Sauti haikushuka.

Mia moja arobaini na sita. Namba ikasimama. Sauti ilikuwa vile vile, haikupungua hata tone.

"Ndio hao," Beryl alisema. "Hao ndio watu wetu, mzee Werema. Wote wako hai."

Werema aliinamia kioo. "Mia na arobaini na sita," alisema, kama mtu anayetajiwa idadi ya mbuzi waliobaki. Akatoka nje. Wakasikia akifuta maandishi ya chaki mlangoni kwa kiganja.

Saa saba kamili, Oduol alimsogezea mama maikrofoni. Luciana alikohoa, akainamia ile maikrofoni kana kwamba mwanawe alikuwa ndani yake.

"Maige. Ni mama yako. Niko Nyarero. Sikuja kukugombeza. Nimekuja kujua tu kama unapumua. Kama yupo anayemjua, ni mrefu, ana kovu la jembe mguu wa kushoto, na anacheka kabla hajamaliza kusema. Basi."

Namba zilipanda. Mia tatu na tisa, wachimbaji wakipanda kula. Saa saba na dakika kumi ikafika, wakati ambao seva ilizoea kufa. Beryl alishika ukingo wa meza. Dakika kumi na moja. Kumi na tano. Milango ya vivuli ilijifunga yenyewe, mmoja baada ya mwingine, na seva iliendelea kunguruma taratibu.

Dakika ya ishirini simu ya redio ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Mimi ni Efrazia, mama ntilie wa huku machimboni. Huyo Maige mnayemtafuta amejificha nyuma ya kibanda changu. Hataki kuja kwenye simu. Anasema simu yake iliangukia shimoni na hajapata kitu cha kumpelekea mama yake, anaona aibu."

Luciana alisimama, mkoba ukaanguka. "Mwambie," alisema, "mwambie nilimzaa bila kitu na nikafurahi. Aje."

Kulikuwa na vishindo, kicheko cha watu, na Efrazia akifoka, "Wewe nenda bwana, ugali wako hauondoki!" Kisha pumzi ya mtu.

"Mama."

Luciana aliishika simu kwa mikono miwili. Oduol alizima maikrofoni kimyakimya na kupiga muziki, ili maneno yale yabaki ya watu wawili. Beryl aligeuka kutazama ukuta, machozi yakimshuka, akijisikia mwepesi kama aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Nilikuwa nakula, mama, umenikatiza."

"Basi kamalizie," Luciana alisema, akicheka na kulia pamoja. "Mimi nipo. Sikati simu."