Magimbi Nyuma ya Ukuta

Haya nimeyapata kwa Zuena, mjane wa mzee Kibwana wa Korogwe, alipokuja kwangu Misima mwaka jana baada ya mavuno, tukawa tunapukuchua mahindi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mwaka ule kila nyumba iliamriwa kuchimba choo. Kibwana alikuwa na nyumba ya udongo iliyopigwa lipu. Chumba cha nyuma alikipangisha kwa Fatu, binti aliyetoka kijiji cha Kwedizinga, Handeni. Mume wa Fatu, Mdoe, alifanya kazi ya reli Mnyuzi, akija Jumamosi.

Fatu alijifungua masika. Akawa ndani anangoja arobaini, Zuena akimkanda kwa maji ya moto. Ukuta wa nyuma ukaota ukungu mweusi, toka chini hadi usawa wa kitanda. Ukifutwa, unarudi. Mtoto akaanza kukohoa.

Kibwana akaja, akasimama nje ya mlango kwa kuwa ndani mna mzazi.

"Fatu, nyumba yangu unaipika?"

"Shikamoo baba. Siipiki, inaniozea."

"Marahaba. Ni mvuke wa maji yako huo. Kabla yako ukuta ulikuwa mkavu."

"Kabla yangu ilikuwa kiangazi, baba."

Zuena akaziba mdomo kwa kanga.

"Basi Mdoe akija awapeleke Kwedizinga, nikaushe nyumba yangu."

Masika ile mabasi ya Handeni yalikwama, abiria wakalala porini. Kichanga chenye kifua kisingefika.

Zuena ndiye aliyejibu. "Mzazi hatolewi kabla ya arobaini. Unasema ni mvuke? Haya, Fatu na mwanawe waje kwangu chumba cha mbele, maji nitachemsha uani. Wewe kalale huku. Mdoe akija tutautazama ukuta. Ukiwa mkavu, kosa la Fatu. Ukiwa na ukungu, ni wako, uutafutie dawa."

"Mimi nilale chumba cha mpangaji?"

"Kwani si nyumba yako?"

Kibwana akahamia na mkeka wake. Kwanza akang'oa gunia dirishani. Fatu alikuwa ameliziba dirisha mtoto asipigwe na upepo.

"Mnaona? Wamejifungia kama mbegu ghalani!"

Zuena akakubali kuwa hapo Fatu alikosea. Kibwana akaufuta ukuta, akaupaka chokaa, akatundika kanzu yake msumarini.

Ijumaa alipoitoa, mgongoni ilikuwa na madoa meusi. Akaivaa hivyo hivyo. Msikitini akakaa safu ya mwisho kabisa, nyuma yake asiwepo mtu.

Aliporudi hakuingia ndani, alizunguka nyuma ya nyumba. Udongo wa shimo la choo alikuwa ameulundika pale, ukaegemea ukuta, na juu yake akapanda magimbi. Yalistawi sana. Hata balozi wa nyumba kumi aliyasifia. Kibwana akaingiza mkono kati ya udongo na lipu, ukatoka na tope. Akachukua jembe.

"Baba Mwantumu, hayajakomaa hayo!" Zuena alimwita mumewe.

"Najua."

Akayang'oa yote, akaanza kuuhamisha udongo kwa karai. Jumamosi asubuhi Mdoe akamkuta anachimba mfereji wa kuondoa maji ukutani.

"Shikamoo baba. Nimesikia tufungashe."

"Marahaba. Mfungashe mwende wapi? Shika karai hilo."

Fatu akasema kutoka chumba cha mbele, "Baba, na mimi dirisha sitaliziba tena."

"Usilizibe. Ukuta ukikauka utarudi chumbani kwako."

Mchana walikula magimbi yale machanga. Yaliwawasha koo, wakanywa maji, wakaendelea kula.

Mtoto alikohoa kidogo, akanyonya, akalala. Fatu naye akalala. Mdoe akajinyoosha kwenye benchi barazani, Zuena akaegemea nguzo akasinzia. Kibwana akaingia chumba cha nyuma, miguu bado ina tope, akaugusa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa bado baridi. Akaacha dirisha wazi, akavuta mkeka katikati ya chumba, akalala.