Mlio wa Ebitinge

Vumbi lilikuwa jekundu, Mama, na lilikuwa letu. Wakati wa kiangazi lilipanda kutoka njia ya Keumbu, likatua juu ya majani ya migomba, juu ya maua meupe ya pareto, juu ya nguo nilizokuwa nimetoka kuzifua. Jua la saa kumi likipita ndani yake, vumbi lile liliwaka, na katikati ya mwako huo kulikuwa na mtu anayekuja, bado hana sura. Nilikusikia kabla sijakuona.

Nilisikia ebitinge zako. Pete za chuma za vifundo vya miguu, ulizovishwa siku ya harusi yako, zikigongana kwa kila hatua: cheng', cheng', cheng'. Watoto wa boma zima waliujua mlio huo. Tulipoiba ndizi ulizozifukia ziive, tulikuwa na muda wa kutosha kufukia tena, kujifuta midomo na kukaa kitako kama watu wa heshima. Ulifika, ukatutazama mmoja mmoja, ukasema tu kwamba ndizi za siku hizi zimejifunza kutembea. Chuma kilikusengenya maisha yako yote, nawe hukukichukia.

Wanawake wa rika lako walikuwa nazo. Mke aliyeozwa kwa sherehe alivishwa ebitinge, na hazikutoka mguuni mpaka mumewe afe. Ukiona mke wa watu anapita na mguu mtupu, ulijua amefiwa. Nawe ulikuwa na mume, ingawa hakuna aliyemwona. Onchiri, tata yangu, baba ambaye sikumjua, alikwenda vita vya Burma mimi nikiwa tumboni. Waliorudi walirudi, huyu na koti la jeshi, yule na mkono mmoja. Habari za Tata hakuna aliyezileta, za kuishi wala za kufa. Shemeji zako walikuja kukushauri uzivue, urithiwe na mmoja wao, maisha yaendelee. Uliwapikia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, wakala wakashiba, ukawasindikiza mpaka njiani kwa mlio uleule.

Mimi nilibatizwa katika maji ya mto Gucha nikiwa msichana, nikapewa jina la Drusilla. Ulilikataa palepale. "Drusilla simjui," ulisema. "Mimi nilimzaa Bonareri." Lakini kila Sabato asubuhi nilikuta moto umewashwa na uji umeiva, na nilipokukumbusha kwamba siku hiyo hatupiki, ulinijibu kwamba Mungu wangu amenikataza mimi, hajakukataza wewe. Ah, Mama. Nilikunywa uji ule nikiwa na dhambi kidogo na shibe kubwa.

Nakumbuka yote hayo kwa furaha inayouma. Nakumbuka moshi ukipenya katika nyasi za paa, harufu ya pareto ikikauka mkekani, mgongo wako ukiinama na kuinuka katikati ya mistari ya wimbi. Nakumbuka nilivyokuwa nikitoka kanisani na viatu mkononi, nikiimba, nikifikiri siku moja tutakwenda pamoja. Nilikuwa na hakika nayo, kwa kuwa nilikuwa kijana na wewe ulikuwa mzima.

Kisha ukaanza kukonda. Ilikuwa mwaka wa sabini. Daktari mjini Kisii aliniita kando, akaniambia kwa sauti ya chini nikurudishe nyumbani ukae na watu wako. Niliiacha mashine ya chapa niliyokuwa nikiipiga katika ofisi ya wakulima wa kahawa, nikaja kukaa nawe. Sasa mlio ulikuwa mdogo. Ulisikika tu ulipojigeuza kitandani.

Niliogopa. Nitasema wazi, sikukiogopa kifo chenyewe. Niliogopa kwamba asubuhi ile ya ufufuo tunayoihubiri itafika, nami nitaamka, nitakutafuta, nisikupate. Kwa hiyo nilisoma, niliimba, niliomba kwa sauti karibu na mto wako. Nikisoma habari za mbinguni, uliuliza kama pareto imeanuliwa. Nikiimba, ulisema sauti yangu ni nzuri na kwamba ng'ombe bado hajanyweshwa. Nilikwenda kumnywesha ng'ombe huku machozi yananitoka.

Nilimwita Zachariah, mzee wa kanisa letu, mtu mpole aliyevua kofia yake mlangoni. Alisema hata mgonjwa anaweza kubatizwa, kwamba vijana wangekubeba kwa kiti mpaka mtoni. Halafu akatazama miguu yako. Akaeleza taratibu, kama alivyofundishwa yeye, kwamba anayeshuka majini huacha mapambo ukingoni, na kwamba Kiogoro kuna fundi mwenye tupa ambaye angezikata bila kukuumiza. Uliagiza aletewe chai. Alipomaliza kunywa, ulikuwa umelala, au ulikuwa umeamua kulala.

Alipoondoka nilipiga magoti kando ya kitanda, nikakuuliza kwa nini unamkataa Mungu aliyekuvumilia miaka yote hiyo.

"Simkatai," ulisema. "Lakini nikizivua hizi, nimemzika baba yako. Mimi sijamzika mtu, Bonareri."

Nikakuambia tunavyoamini. Kwamba wafu wamelala vumbini, kila mmoja pale alipoangukia, hata walioanguka Burma, na kwamba wote wataitwa asubuhi moja. Kwamba kama Tata amelala, amelala tu. Ulinigeukia. Nilifikiri nimekupata.

"Basi akiamka huko, katika umati wote huo," uliuliza, "asiposikia miguu yangu, atanijuaje?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Miaka yote nilidhani unashindana na Mungu wangu, kumbe ulikuwa unamngoja mtu. Nilikupenda siku ile kupita siku zote, na nikaogopa kupita siku zote.

Ikaja Sabato ya Meza ya Bwana. Siku hiyo kanisani kwetu, kabla ya mkate, watu hutawadhana miguu. Wanawake na wanawake, wawili wawili, kila jozi na beseni lake. Sikwenda, kwa maana hapakuwa na wa kumwachia mgonjwa. Kutoka mlangoni nilisikia kwa mbali wimbo wa wenzangu, na upweke ukanishika. Nikapasha maji. Nikachukua lile beseni la bati lenye maua ubavuni, nikaliweka chini ya miguu yako. Ukauliza nafanya nini. Nikasema huko kanisani leo wanaoshana miguu, nami sina mwenzangu.

Hukukataa. Nilikukalisha ukingoni mwa kitanda, nikapiga magoti, nikaanza na mguu wa kulia. Nikakusimulia habari za Yesu usiku ule aliojua kwamba kesho wanamuua, jinsi alivyojifunga taulo kiunoni akawaosha rafiki zake, hata yule aliyekwisha kumuuza. Nilikuwa nimekusomea habari hizo mara nyingi, lakini sasa nilizisema kwa mikono. Maji yaliingia chini ya chuma, yakatoa vumbi la shamba, la soko la Keumbu, la njia zote ulizonipitisha mgongoni. Nilizungusha pete moja moja. Chini yake ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Maji yakawa mekundu.

"Huyo Yesu," ulisema, "aliwauliza kwanza wamevaa nini miguuni?"

"Hapana, Mama."

"Aliosha tu?"

"Aliosha tu."

Nilikufuta kwa kanga yangu, nikainua beseni nikamwage. Ukaniuliza kama huko kanisani anaoshwa mmoja na mwingine anaondoka zake. Nikasema la, aliyeoshwa naye humwosha mwenzake, lakini wewe ni mgonjwa, Mungu anaelewa. Ukaushika ukingo wa kitanda. Ukateremka mpaka kwenye ngozi ya ng'ombe pale chini, polepole, cheng', cheng', ukanielekeza kwa kidevu mahali ulipokuwa umekaa.

"Keti, Drusilla," ulisema.

Niliketi. Jina hilo halikuwa limewahi kutoka kinywani mwako, na lilitoka bila shida, kama mgeni aliyekaa sana mpaka akawa wa nyumbani. Uliniosha kwa maji yaleyale. Mikono yako ilipumzika, ikaendelea. Uliosha katikati ya vidole kama ulivyoniosha nikiwa mtoto mtundu, ukanung'unika kwamba viatu vya mjini vimeniharibu miguu. Kisha ukaniambia niombe, maana wewe hujui wanavyoanza. Niliomba. Sikumbuki hata neno moja, nakumbuka tu kwamba nilipomaliza nilisubiri, halafu sauti yako ikaja nyuma ya yangu, imechelewa, imechoka, ikasema amina.

Maji nilimwagia migomba. Vumbi lako na langu yalikuwa yameshachanganyika.

Ulilala wiki iliyofuata, mchana, wimbi likianikwa uani. Wanawake waliokuja kukutayarisha waliuliza kama ebitinge zitolewe. Zachariah alisimama karibu na miguu yako, kofia mkononi, akazitazama kwa muda.

"Alimkubali Bwana?" aliniuliza.

"Alinitawadha miguu, Mzee."

Aliinama, akavuta shuka mwenyewe, akaifunika miguu yako kama ilivyokuwa. Wakati wa kukushusha, kamba ya upande mmoja iliteleza kidogo, na kutoka ndani ya jeneza tukasikia mara moja, kwa udogo: cheng'. Waombolezaji waliacha kuimba. Mimi ndipo nilipoweza kulia.

Sasa miaka ya sabini inakaribia kwisha. Nimeolewa Suneka, sikuvishwa chuma wala dhahabu, na mume wangu ananisikia kwa maneno yangu tu, ambayo anasema yanatosha. Nikirudi kwetu wakati wa kiangazi, saa kumi, nakaa mlangoni pako. Vumbi bado ni jekundu. Linapanda kutoka njia ya Keumbu, jua linapita ndani yake, na kwa ujinga wa mapenzi bado ninatega sikio.

Umo humo, Mama, umelala chini ya migomba. Tata yumo katika vumbi la mbali nisilolijua hata rangi. Lakini asubuhi moja vumbi lote litapanda, lako na lake, litawaka kuliko lilivyowahi kuwaka, na ndani yake kutakuwa na watu wengi wanaokuja, bado hawana sura. Sitakimbia huku na huku nikitafuta. Nitasimama kimya. Na karibu nami atakuwa amesimama mwanamume mwenye koti la jeshi, ametega sikio kama mimi. Tutakusikia kabla hatujakuona.